Dawa Iliyoishia Kwenye Katani

Siku Mwongeli aliponiambia kwamba mimi ndiye nitakayeongoza wimbo langoni harusi ya Nduku ikifika, niliweka kiondo changu chini nikamtazama vizuri, nione kama anaumwa.

"Mimi? Mama Nduku, sauti yangu ni ya kuitia ng'ombe."

"Basi waite wakwe kama ng'ombe," akasema. "Mimi sitaweza, Ndila. Usinisumbue."

Akaendelea kusuka. Nilikasirika, na mimi nikikasirika sifichi. Mwongeli alizaliwa Nuu, upande wa Kitui, akaolewa na Mbaluka huku kwetu Kalamba miaka thelathini iliyopita. Alikuja na sanduku moja la mabati na sauti ambayo hakuna boma hapa lisiloijua. Na kwetu hapa, upande wa bwana harusi ukija kumchukua msichana, wanawake wa nyumbani hufunga lango. Hata uje na gari kumi, hufunguliwi. Unaimbiwa, unajibu, unaimbiwa tena, mpaka kina mama waridhike. Mwongeli amewasimamia hivyo mabinti wa watu wengi, hata wangu wawili. Sasa binti yake mwenyewe, wa pekee, anaolewa Desemba, halafu ati niimbe mimi!

Sababu niliijua. Ilikuwa lile joto.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na mwezi wake ulikuwa umeacha kuja zaidi ya mwaka. Yeye hakulia kwa hilo, alisema afadhali, kazi imepungua. Lakini joto! Linaanza kifuani, linapanda shingoni, uso unalowa kama aliyemwagiwa maji, halafu baada ya dakika chache anatetemeka kwa baridi. Usingizi ukawa wa kuibia. Mbaluka akawa anajifunika blanketi mbili, kwa kuwa mkewe halali mpaka dirisha liachwe wazi. Yote hayo aliyavumilia. Kilichomvunja ni Pasaka. Alisimama mbele ya kanisa kuongoza wimbo, akafika ubeti wa pili, moto ukapanda na sauti ikakatika. Akakaa chini. Mama mchungaji akadhani ameshikwa na kitu kibaya, akaita wazee, wakamzunguka kumwekea mikono na kumwombea karibu nusu saa, watu wanane wamemsonga na kila mmoja na joto lake. Maskini, alikuwa anawaka katikati yao na hawezi kusema "Bwana asifiwe, nipisheni hewa."

Tangu siku hiyo anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na haimbi hata akikoroga ugali.

"Twende hospitali," nikamwambia.

"Nikaseme nini? Kwamba nimezeeka?"

"Mficha uchi hazai."

"Mimi sitaki kuzaa tena," akajibu, na hapo tulicheka mpaka Kathini, mjukuu wake wa miaka miwili kwa mwanawe wa kiume, akacheka pia bila kujua ni nini.

Mwezi wa nane tukaenda mjini Wote kwa daktari mmoja mwanamke anayeitwa Waringa. Ni wa kwao Murang'a, na Kikamba chake kinachekesha, lakini anajua kusikiliza. Mwongeli alikataa kuingia peke yake, kwa hiyo niliingia nikaketi. Daktari akampima presha. Akamuuliza maswali mpaka nikachoka mimi: kama amewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda mguuni au kifuani, kiharusi, shida ya ini, au kutokwa na damu bila sababu tangu mwezi ukome. Yote hapana.

"Basi hakuna haja ya kuteseka," daktari akasema. "Mwili wako umepunguza homoni inayoitwa estrojeni. Nitakupa ya kupaka."

Ilikuwa jeli, kwenye chupa ya kubonyeza. Akaeleza kidogokidogo. Apake mara moja kwa siku, kipimo alichoandika na si zaidi, kwenye mkono wa juu kutoka begani, au pajani. Asipake matitini, wala usoni, wala sehemu za siri. Ngozi iwe safi na kavu. Aiache ikauke, ajifunike na nguo, anawe mikono kwa sabuni, na mtu mwingine asiguse mahali hapo. Tena akampa vidonge vya homoni ya pili, vya kumeza wakati wa kulala.

"Hivi ni vya nini sasa?" Mwongeli akauliza.

"Bado una mfuko wa uzazi, mama. Ukipaka jeli peke yake, ukuta wa mfuko unaweza kunenepa na kuleta ugonjwa mbaya. Kidonge ndicho kinaulinda, kwa hiyo usikiruke. Na ukiona damu yoyote, usingoje, njoo."

Mimi nami nina joto langu, ingawa si la kuzimia. Nikauliza kama naweza kubonyeza kidogo kwa chupa ya rafiki yangu. Daktari akanigeukia na yale maswali yake, na tulipofika kwa ule mguu wangu uliovimba damu ikaganda baada ya kumzaa Musyoka, akainua kidole. "Wewe usiiguse. Njoo siku yako, tutatafuta njia nyingine. Dawa ya mtu haigawanywi kama chumvi." Nilinuna mpaka tukafika nyumbani.

Mwongeli akachagua paja la kulia. Alisema mkono ukimetameta watu kisimani watauliza, na paja lake haliulizwi na mtu. Kila asubuhi akishaoga anapaka, anangoja ikauke, anashusha sketi, ananawa. Wiki mbili, nne, sita. Joto likabaki palepale. Tukiwa kwenye kikundi chetu cha kusuka anajipepea na kifuniko cha sufuria.

"Dawa imenikataa," akaniambia siku moja, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ndila, nitamtoa mtoto wangu nikiwa bubu."

Hapa naona aibu, lakini nitasema. Mimi ndiye niliyemwambia abonyeze mara mbili zaidi. Si dawa ni dawa? Ikiwa kidogo haisaidii, ongeza! Ashukuriwe Mungu, Mwongeli ana akili kuliko mimi. Akasema ataongeza daktari akisema, na tukarudi Wote.

"Unapaka wapi?" Waringa akauliza.

"Paja la kulia."

"Wakati gani?"

"Asubuhi, nikitoka kuoga."

"Halafu siku nzima unafanya nini?"

"Ninasuka viondo."

"Unasuka vipi? Nionyeshe."

Mwongeli haendi mahali bila kazi yake. Akatoa nyuzi za katani mkobani, akapandisha sketi juu ya goti, akalaza nyuzi mbili kwenye paja la kulia, na kwa kiganja akazisokota, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kamba ikawa inatoka upande wa pili. Ndivyo tunavyofanya sote tangu tukiwa wasichana. Paja la kulia la msusi halina unywele hata mmoja, limekwanguliwa na katani miaka yote.

Daktari akakodoa macho. Halafu akaanza kucheka, akavua miwani akajifuta machozi. "Mama Nduku! Dawa yako yote inaenda kwa kiondo!"

"Woi!" nikapiga kelele. "Na kile kiondo tulichompelekea mama mchungaji?"

Tulicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Lakini Waringa akavaa tena miwani, akauliza kwa sauti ya chini, "Na hilo paja, kuna mtoto analikalia?"

Mwongeli akaacha kucheka. Kathini hulalia paja hilo kila siku mchana akisinzia, shavu kwa ngozi, na huchezea zile nyuzi, huzitia mdomoni. Nilimwona Mwongeli akikunja kamba yake mikononi, akiikunja na kuikunjua. Daktari akaeleza bila kututisha kwamba homoni hiyo ikimpata mtoto mara kwa mara inaweza kumvimbisha matiti kabla ya wakati. Kesho yake asubuhi tulikuwa mlangoni kwake na mtoto mgongoni. Akampima polepole kila mahali, Kathini akimvuta ile mipira ya masikioni.

"Hana kitu. Mzima kabisa. Mwangalieni, mkiona kifua kinavimba mje mara moja. Na akigusa dawa siku nyingine, mwosheni kwa sabuni na maji."

Mwongeli alilia hapohapo kwenye kiti, kwa furaha na kwa hofu iliyochelewa. Nilimshika, na mimi nikalia, halafu nikakasirika kwa sababu nilikuwa nimelia.

Kipimo hakikuongezwa hata tone. Kilichobadilika ni mahali na saa. Sasa anapaka bega la kushoto jioni, kazi ikishawekwa pembeni na Kathini ameshalala, ikikauka anavaa blauzi ya mikono mirefu. Katani yote ya zamani aliyoisokota tuliichoma. Mbaluka akahamishwa upande wa kulia wa kitanda, akasema hata akilazwa jikoni ni sawa, mradi dirisha lifungwe.

Wiki ya tatu baada ya hapo, tulisuka mchana kutwa na sikuona kifuniko cha sufuria kikipanda. Sikulitaja, nisije nikaliita tena lile joto. Wiki ya tano akaniambia amelala usiku mzima mpaka jogoo akamkera. Uso wake ulirudi. Lakini wimbo, hapana. "Ikikatika mbele ya wakwe je?" akasema. Nikamwelewa. Mwili ulikuwa umetulia, ila moyo wake ulikuwa bado kwenye ile Pasaka.

Ikafika Jumamosi ya harusi. Jua la Desemba, halina huruma. Wakwe wakaja saa tano kutoka Matiliku na magari sita, mbele yao amu wa bwana harusi, Mwangangi, ndani ya suti ya vipande vitatu. Nikasimama langoni na kina mama nyuma yangu, nikamwomba Mungu, nikaanza.

Mstari wa kwanza ulitoka vibaya. Wa pili ulikuwa mbaya zaidi.

"Ai!" Mwangangi akasema kwa sauti. "Kwani huyu mama anafukuza nyani shambani?"

Wakwe wote wakaangua kicheko. Nilikuwa natafuta jiwe kwa macho niliposikia mtu akinisukuma bega. Mwongeli alikuwa amekunja uso hasa. "Hakuna mtu atacheka rafiki yangu kwa lango langu," akasema, akashika mbao za lango kwa mikono miwili, akafungua kinywa.

Sauti ikatoka yote. Kina mama walichelewa kuitikia kwa mshangao. Aliimba kuuliza wametoka wapi, wamekuja kutafuta nini, na kama wanajua kulima. Mwangangi akajibu ubeti wa kwanza kwa maringo. Wa nne akavua koti. Wa saba akavua kizibao, shati limemganda mgongoni, akaomba maji kupitia kwenye mbao. Katikati ya ubeti wa nane nikaona lile joto linampanda Mwongeli shingoni. Nikamsogelea. Yeye akachukua leso, akajifuta mara moja, akaendelea, na joto likashuka lenyewe.

Ndani ya nyumba, Nduku alikuwa amefichwa chumbani na shangazi zake, kwa sababu bibi harusi haonekani kabla hajaitwa. Tukasikia mlango ukibamizwa. Msichana akaja mbio uani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, shela limeshikwa na shangazi anayepiga kelele nyuma yake.

"Ni mama!" alikuwa anasema. "Ni mama anaimba!"

Akamkumbatia kwa nyuma, uso wake umezama mgongoni kwa mama yake, akalia kwa sauti bila kujali rangi ya machoni. Mwongeli akaiweka mikono yake juu ya mikono ya binti, lakini hakuacha kuimba.

Mwangangi akajipangusa paji la uso. "Mama, kwa kuwa bibi harusi ametoka mwenyewe, sasa si mtufungulie?"

"Subiri huko," Mwongeli akamwambia. "Bado nina beti."

Tuliwafungulia saa saba na nusu.