Miti Iliyo Juu ya Nyumba Yetu

Nilipoolewa katika kijiji cha Mushaki, nilikuta miti mikubwa kwenye kilima juu ya nyumba, na hakuna aliyethubutu kuvunja hata kijiti chake. Mama mkwe alisema wazee wa ukoo wamelala pale. Mimi katekisimu ilinifundisha nisiogope mambo hayo, lakini nikienda kutafuta kuni nilizunguka mbali.

Mama mkwe alipofariki, woga ule ulizikwa naye. Vilima vya jirani vilikuwa vimeanza kubaki uchi. Kila asubuhi magunia ya makala, mkaa wa kupikia, yalisimama kando ya barabara ya kwenda mji wa Sake. Agronomu, bwana shamba wa serikali, alikuja akatueleza jinsi udongo unavyoporomoka ukikosa mizizi. Sote tukaitikia kwa kichwa. Kesho yake mashoka yakaendelea.

Mvua zilipokaribia, nilimkuta bwana yangu anapima mashina ya miti ile kwa kamba.

"Papa ya watoto, hii kilima itatuangukia."

"Nusu ya ile miti iko ya jirani," alijibu. "Tukiacha siye, yeye atakata yake, na udongo utashuka tu. Batu batatucheka."

Tangu hapo, wingu likitanda tu niliwaita watoto watoke nje. Hata nikimenya viazi, macho yalikuwa kwenye ufa wa ukuta ulioelekea kilima.

Mwishowe nilikwenda kwa jirani, mama mjane. Nilimkuta anachambua maharagwe.

"Mama, ni kweli unataka kukata miti?"

Mikono yake ilisimama. "Niliona bwana yako na kamba. Njo maana niliita mutu wa musumeno. Niliogopa mutanitangulia."

Nilikaa chini nikachambua maharagwe naye, tukaahidiana kwamba hakuna atakayekata.

Jumapili, baada ya ibada, wanawake walipobaki kwa matangazo, nilisimama naye.

"Siye wawili hatutakata miti ya pale juu," nilisema. "Mutu akisikia shoka kule, akuje atuulize."

Mmoja aliuliza kama tumerudia mambo ya mizimu. Wengine walipiga makofi. Nyumbani, bwana yangu alisema, "Umenifunga mbele ya batu."

Lakini hakukata. Mvua ikaja, kilima cha ng'ambo kikaporomoka na kufunika mashamba ya maharagwe. Chetu kilisimama. Baadaye nilimsikia bwana yangu akimfukuza mtu aliyekuja na panga: "Hapa siye hatukatake!" Alisema kama mtu aliyelinywa neno lile katika maziwa ya mama yake.

Ningependa kusema nimetulia. Jirani yangu sasa ni mgonjwa, na kijana wake anataka kuuza upande wao. Mnunuzi aliyempata ni mgeni, hakuwapo kanisani siku ile. Hakuahidi kitu mbele ya yeyote. Juzi niliwaona pale juu, kijana anamwonyesha mipaka kwa kidole. Niliacha chungu motoni, nikapanda kilima kuwasalimu, nikiwa sijui bado nitawaambia nini.