Majina Kumi na Moja ya Gervasi

Eufrasia Gasper ni mbishi, ubishi wa kuzaliwa nao. Mwaka wa tisa huu ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Ujiji. Anatembea na malapa na begi lililokatika mkanda mmoja, na akishafika kwako haondoki mpaka apate alichokifuata. Ukimfungia mlango anakaa barazani anakusubiri. Nilikuwa simpendi, sifichi. Nikimwona anakuja mwaloni, hapo ufukweni tunakoanika dagaa, nilikuwa nainama na kugeuza dagaa ambao nimetoka kuwageuza sasa hivi.

Sasa sikia alivyopambana na Gervasi. Huyu anachajia watu simu hapo mwaloni, ana spika kubwa na mdomo mkubwa kuliko spika. Surua ilipoingia mitaa ya kwetu na zahanati ikatangaza kwamba Alhamisi ni siku ya chanjo, alipata, anakojua mwenyewe, picha ya ukurasa mmoja wa daftari la zahanati. Akarekodi sauti yake, akaitupa kwenye grupu la mwalo, kisha akawa anaipiga kwenye spika kutwa nzima: "Siri imevuja! Watoto kumi na mmoja wa Ujiji wameumizwa na chanjo ya surua. Majina haya hapa!" Jina la mwisho lilikuwa Kurwa Elikana, miezi tisa, amekufa siku nne baada ya chanjo.

Kurwa ni mwanangu.

Elikana, mume wangu, alikuwa ng'ambo Kongo mtoto alipougua. Alirudi akakuta kaburi, na tangu siku hiyo aliamini sindano ndiyo iliyomuua. Akaapa kwamba pacha aliyebaki, Doto, hatachomwa kitu chochote yeye baba yake akiwa hai. Sasa Doto alikuwa anakaribia miaka miwili, na surua ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Eufrasia aliposikia ile spika hakugombana na mtu. Alikwenda zahanati, akaomba kuliona daftari lenyewe, akaandika majina yote kumi na moja kwenye karatasi, akaanza kutembea nyumba kwa nyumba. Kila alikoingia alieleza vilevile: "Daftari hili halisemi chanjo imefanya nini. Linaandika kila mtoto aliyepatwa na jambo lolote baada ya kuchomwa, ili wachunguze kama sindano inahusika au haihusiki."

Siku tatu akazimaliza nyumba kumi. Watoto sita walipata homa ya siku moja au mkono kuvimba, na hao alisema wazi ni chanjo, hakuficha. Wawili walihara, wiki ambayo mtaa mzima ulihara. Mmoja alimwagikiwa uji wa moto. Na mmoja aling'atwa na mbwa! Bibi yake alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe mbwa wa Oswald naye ni chanjo!"

Asubuhi ya Jumatano akanifuata mwaloni, naanika dagaa.

"Mwakeye, Mama Kurwa," akanisalimu kwa Kiha.

"Da Eufrasia, leo sina nafasi."

Akakaa mchangani. Elikana alikuwa amelala nyumbani, katoka ziwani alfajiri, lakini hata hivyo akasema kwa sauti ya chini, wenzangu wasisikie: "Nimetazama rejesta ya chanjo ya Alhamisi ile, siku nne kabla Kurwa hajafa. Kila anayechomwa anaandikwa humo. Kurwa hayumo. Na Doto hayumo."

Nikainama kugeuza dagaa. Maana ni kweli. Alhamisi ile ilikuwa wakati wa giza, siku zisizo na mwezi, mitumbwi ilileta dagaa wengi, na wingu la mvua lilikuwa limeshika upande wa Kongo; dagaa wakilowa wanaoza. Nikasema watoto nitawapeleka wiki ijayo. Jumamosi Kurwa akashikwa na homa, ikampanda kichwani. Hospitali nesi akaniuliza, chanjo ya miezi tisa amepata? Wanawake wote wodini wananitazama. Niliogopa kufokewa, nikajibu, "Ndiyo, Alhamisi." Akaniamini, akaandika, na taarifa ikapelekwa mpaka kwenye lile daftari la zahanati. Kipimo kilionyesha malaria, na malaria ndiyo iliyomuua siku ya Jumatatu. Lakini Elikana alipokisoma kile cheti cha hospitali aliliona neno chanjo, akalishika hilohilo, nami nikanyamaza. Alikuwa amepata wa kumlaumu asiyekuwa mimi. Naona aibu kulisema, lakini nilishukuru.

"Utamwambia?" nikamuuliza Eufrasia.

"Si langu kusema. Ila Doto hana kinga, na chanjo ni kesho."

"Toka! Ondoka kwenye dagaa wangu!"

Akasimama, akajikung'uta mchanga, akaondoka.

Alasiri, mwalo umejaa watu, nikamwona amesimama mbele ya Gervasi. "Zima spika. Leo nasoma mimi." Akasoma majina kumi, kila mtoto na kilichompata, na wazazi waliokuwepo wakiitikia. Kwenye mbwa watu walicheka, na wakawa wanamcheka Gervasi.

Gervasi akabadilika rangi. "Haya, na Kurwa je? Naye aling'atwa na mbwa?"

Elikana alikuwa palepale. Akasogea. "Jibu, Eufrasia. Huyo ni wangu."

Eufrasia akakunja karatasi. "Huyo sitamsemea."

"Kashikwa!" watu wakapiga kelele. "Muongo! Katumwa huyu!" Wakamzomea mwanamke mzima kama mwizi wa kuku. Hakuondoka, hakujitetea, na wala hakunitazama. Angenitupia jicho hata mara moja ningemchukia na ningenyamaza. Kule kutonitazama ndiko kulikoniuma.

Nikapita katikati ya watu, Doto mgongoni. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Kurwa hakuchanjwa! Sikumpeleka, nilikuwa hapa na dagaa. Hospitali nilidanganya mimi, kwa mdomo wangu huu. Malaria imemuua mwanangu, Baba Kurwa, na nikaiacha sindano ibebe lawama kwa sababu nilikuogopa. Na wewe Gervasi! Wiki nzima unatangaza jina la mwanangu kama unauza sabuni ya panya. Umewahi kuja kuniuliza? Mama yake nipo hapo, hatua ishirini kutoka kwenye spika yako!"

Hakuna aliyecheka. Elikana alinitazama, akauliza taratibu, "Muda wote huu nilikuwa namchukia asiye na kosa, na wewe unaniona?"

"Ndiyo."

Akageuka akaenda zake kwenye mitumbwi. Nililia, na nilikuwa na hofu ya kurudi nyumbani, lakini sikufuta hata neno moja katika niliyosema.

Alhamisi nilipita mwaloni peupe na Doto mgongoni. Elikana hakuwa ameniruhusu, wala sikumwomba. Eufrasia alitembea ubavuni mwangu bila kusema kitu, jambo ambalo kwake ni la ajabu. Doto alipiga mayowe zahanati nzima ikasikia. Wiki iliyofuata alipata joto la siku moja, nikamrudisha zahanati mwenyewe nikamwambia nesi andika, usiache, safari hii ni kweli.

Elikana mpaka leo hanisemeshi. Akitoka ziwani anamnyanyua Doto, anamrusha juu, mtoto anacheka, mimi ananipita kama sipo. Na aninunie. Anaye wa kumrusha.