Leso Moja, Mwanzo wa Mstari

Nakumbuka Jumamosi moja nilipovaa viatu vya kuazima, na kabla hujatuma hayo maneno uliyoandika kwenye simu, Chebet mjukuu wangu, kaa hapa nikusimulie. Chai yako ikipoa, ipoe. Unasema kuna kijana wa Mulot anayerap, ameuchukua mdundo wa wimbo wako wa injili, na leo unataka dunia nzima ijue kwamba ni mwizi. Mimi nimewahi kumwita mtu mwizi mbele ya watu, mwanangu. Najua utamu wake, na najua haukai mdomoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mchuna majani ya chai katika shamba moja kubwa nje ya mji wa Kericho, na mpiga gitaa. Tena si mpiga gitaa hivi hivi. Sijisifu, ila walionisifu wote wamezeeka. Bendi yetu ilikuwa ya watu watatu, muziki wa kucheza, suruali pana chini, na wasichana wa laini nzima ya nyumba za wafanyakazi walilijua jina la Kiprono. Upande wa pili wa laini, kwenye nyumba za wafanyakazi waliotoka Kisii, aliishi Onyancha. Yeye alikuwa na kwaya na kinanda cha kanisa, na shati lake alilifunga vifungo vyote hadi shingoni, hata jua likiwaka. Nilimcheka kila nilipomwona. Naye alisema gitaa langu linawapeleka watu motoni. Mtu angetuambia kwamba muziki wetu ni ndugu, tungemfukuza pamoja.

Basi Jumamosi ile ya viatu vya kuazima akaja mtu wa studio kutoka mjini. Alitaka kusikiliza makundi ya shamba letu pale uwanja wa mpira, achague moja, moja tu, akalirekodi kwenye kaseti. Nilikuwa na wimbo mpya niliouficha wiki nyingi. Mdundo wake ulikuwa hivi: mitatu ya haraka, kisha mmoja mzito unaochelewa kidogo. Ta-ta-ta, tumm. Niliamini hakuna mwingine duniani anayeujua.

Kwaya ikatangulia. Onyancha akaweka vidole kwenye kinanda. Ta-ta-ta, tumm.

Hasira hasara, wahenga walisema, lakini hawakusema inavyomtia mtu nguvu. Sikungoja hata ubeti uishe. Niliruka mbele nikamnyang'anya kipaza sauti. "Huyu ni mwizi!" nikapiga kelele. "Ameiba nyimbo yangu! Anajificha nyuma ya Biblia na anaiba!"

Mchungaji wake alikuwepo. Mke wake, aliyemwoa juzi tu, alikuwa amesimama na sare ya kwaya. Onyancha alinitazama. "Mimi sijaiba kitu ya mtu, Kiprono," akasema. "Hii imetoka kwetu nyumbani." Akafunga kinanda chake akaondoka, na kwaya ikamfuata. Watu wakanipigia makofi, nami nikajiona nimeshinda.

Hapo ndipo Mama Kwamboka alipoinuka. Alikuwa mama yake Onyancha, mchunaji wa miaka mingi, mama asiyependa maneno mengi. Alinishika mkono kama mtoto wa nasari, akanipeleka hadi ukingo wa uwanja, pale miti ya chai ilipoanzia.

"Chuna," akasema.

"Mama, leo si kazi."

"Nimesema chuna."

Nikachuna. Mikono yangu ilijua njia yake: chuna, chuna, chuna, kisha tupa nyuma ya bega, kwenye kikapu ambacho siku hiyo sikuwa nacho. Naye akaanza kuimba nyuma yangu, sauti ndogo, akifuata mikono yangu. Niko hapa, nakuja, niko hapa. Ta-ta-ta, tumm.

"Mama yako alikuwa anafanya kazi ya factory," akaniambia. "Wewe ulikuwa kadogo, hata kukaa hujajua. Nani alikuwa anakuangalia? Ni mimi. Wewe na Onyancha nilikuwa nawalaza kwa leso moja, mwanzo wa mstari wa chai. Nikiingia ndani ya majani hamnioni, mnaanza kulia. Ndiyo nikawa naimba, mjue sijaenda mbali. Sasa niambie, nani ameiba ya nani?"

Majani yalikuwa yamenijaa mkononi na sikujua niyaweke wapi. Mkono mmoja haulei mwana, nami nilikuwa nimemtukana mwana wa mkono ulionilea. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijui nikufananishie na nini.

Yule mtu wa studio alichagua kundi jingine. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba nilitakiwa kwenda mlangoni kwa Onyancha jioni ile ile, nami nikasema kesho. Kesho ikawa wiki. Kanisani watu walikuwa wameshika lile neno langu na kuanza kunong'ona, wengine wakitaka asishike kinanda tena, na kabla mwezi haujaisha alihama na mke wake kwenda Mulot kuuza mahindi. Baadaye mama yake akamfuata. Mulot si ng'ambo ya bahari, Chebet. Ni safari ya asubuhi moja kutoka hapa Bomet. Sikwenda. Nilikuwa mjinga, na nilikuwa na kiburi, na vyote viwili nilivitunza vizuri kuliko nilivyotunza gitaa.

Wimbo ule sikuupiga tena mbele ya watu. Lakini humu shambani kwetu, nikichuna, unanitoka wenyewe. Wewe ulikulia kando yangu, unavuta suruali yangu. Juzi uliniambia mdundo wako ulipewa na Mungu. Sibishani na Mungu, ila alipitia kwangu.

Na wakati unalalamika nimeitazama hiyo video ya kijana mara tatu. Wewe unamwangalia yeye na kofia yake. Mimi namwangalia mzee aliyekaa kwenye kiti nyuma yake, anayepiga paja kwa kiganja. Tazama shati lake. Limefungwa hadi shingoni, na jua lote hilo.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu yamekuja na wajukuu wawili, mmoja anarap na mmoja anaimba injili, na hamjuani.

Kwa hiyo shika neno hili, mwanangu. Kabla hujamwita mtu mwizi, muulize nani alimlea. Watu wakitofautiana nguo na mahali pa kuimbia, usidhani wametofautiana hata kule walikotoka. Na ukimkosea mtu, nenda siku hiyo hiyo, hata kama viatu ni vya kuazima. Mungu akupe sauti isiyochoka, akupe na masikio makubwa kuliko hiyo sauti, na usikose kamwe mtu wa kukuimbia pale usipomwona.

Sasa futa hayo maneno. Mwandikie kijana kwa adabu, umuulize kama babu yake anaweza kuongea kwa simu. Mwambie ni Kiprono anamtafuta, yule wa leso moja.