Meno ya Plastiki

Kila Jumamosi, kwenye chumba cha nyuma cha zahanati moja ya Makoko, tabibu wa meno aliwanoa Nyangi na wenzake kwa mtihani wa kujiunga na chuo cha tiba ya meno. Kabla ya kushika kitabu alinawa mikono hadi viwikoni, kana kwamba kitabu nacho ni mgonjwa. Aliuliza kwa ukali, akigonga meza kwa kioo chake kidogo cha kuchungulia mdomoni. “Meno ya utotoni?” “Ishirini!” “Ya ukubwani?” “Thelathini na mawili!” Akichekeshwa alifunika mdomo kwa kiganja, na Nyangi alidhani ni adabu ya kazi.

Siku hiyo aliuliza: mtoto wa miezi sita ana homa, anaharisha, na ufizi umevimba penye chonge, utafanya nini? Nyangi akajibu kama alivyosikiaga kwao Buhemba: “Hayo ni meno ya plastiki. Yang'olewe upesi, mtoto asife.”

Tabibu akaweka kioo mezani. “Plastiki inauzwa dukani, Nyangi! Hicho cheupe ndani ya ufizi ni chonge yake, inasubiri zamu, na nyuma yake kuna mbegu ya ile ya ukubwani. Homa ina dawa yake, wewe unamchokonoa mtoto kwa spoki ya baiskeli kama wang'oaji wa kienyeji!” Akainama mbele ya Nyangi, akainua mdomo wake mwenyewe wa juu kwa vidole viwili. Kushoto na kulia, mahali pa chonge, palikuwa ufizi mtupu.

“Bibi yangu naye alikuwaga na uhakika,” alisema. “Haya, nihesabie. Ya ukubwani mangapi?”