Mgonjwa wa Tarehe Tatu Novemba

Wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu alibonyeza kibodi kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa mchele. Hakulichukia jina hilo. Alikuwa karani wa takwimu katika kliniki ya moyo ya hospitali moja kubwa, na chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, baada ya choo cha wafanyakazi, dirisha lake likitazama ukuta wa jengo la kufulia mashuka. Kazi yake ilikuwa kupokea mafaili ya wagonjwa kutoka vituo vidogo na kuyaingiza kwenye programu ya hospitali, ili programu ijue nani anatakiwa kurudi lini na imtumie ujumbe wa simu.

Mke wake alikuwa mmoja wa wagonjwa hao. Alikufa mwishoni mwa Februari, asubuhi, akiwa anakunja nguo. Taratibu alizika, akapokea mikono ya watu, akaisikia "pole" mpaka neno likawa kama mlio wa feni. Hakulia. Wengine walisema ana moyo mgumu, wengine wakasema ndivyo mwanamume anavyotakiwa kuwa, na wote walikosea. Ndani yake palikuwa kama mguu uliolaliwa ukafa ganzi: upo, unauona, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Mkuu wa kitengo alimwambia apumzike nyumbani mpaka apate nafuu. Yeye akarudi kazini mapema, kwa kuwa nyumbani kulikuwa na viti viwili mezani na hakujua akae kipi. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na inafaa lielezwe sawasawa, maana makosa mengi ya dunia hii hayafanywi na waovu. Hufanywa na watu ambao hawapo pale walipoketi.

Programu ile ilitengenezwa na watu wanaoandika mwezi kwanza, kisha siku. Vituo vyote viliandika siku kwanza, kisha mwezi. Kwa hiyo kila faili lilipoingizwa, kidirisha kilifunguka kuuliza tarehe zimepangwaje, na karani alitakiwa achague siku, mwezi, mwaka. Ni jambo la kubonyeza mara moja tu. Taratibu alilifanya kwa miaka kama mtu anavyofunga mlango akitoka. Siku ile aliporudi kazini, faili likiwa limebeba miadi ya miezi kadhaa, kidirisha kilifunguka, akakitazama, akabonyeza "Endelea".

Programu ilipokuta 20/3 ilitafuta mwezi wa ishirini, ikaukosa, ikaupaka mstari rangi nyekundu. Ilipokuta 7/4 haikuona tabu yoyote: ikasoma mwezi wa saba, tarehe nne, ikasonga mbele. Mtu mwenye akili zake angejiuliza wekundu wote huu umetoka wapi, akafuta kila kitu na kuanza upya. Taratibu alikaa akaitengeneza mistari myekundu mmoja mmoja, kwa vidole vyake viwili, siku hiyo na siku iliyofuata. Nyekundu ikawa nyeusi, nyingine ikawa nyeusi. Kazi haikumdai kufikiri, naye hakuwa na fikra ya kutoa. Mistari iliyopiga kelele aliitibu, iliyonyamaza akaiacha na ugonjwa wake. Mkuu wa kitengo alipopita alimgusa bega, akawaambia wengine kwamba mfano wa mfanyakazi ni huyu.

Wiki chache baadaye, akiwa anapitia wagonjwa wanaotarajiwa miezi ya mbele, akaliona jina la mke wake. Tarehe tatu Novemba.

Kituo kilikuwa kimetuma faili kabla ya msiba. Miadi halisi ya mke wake ilikuwa Machi, tarehe kumi na moja. Laiti ingesomwa sawa, siku ile ingekuwa imeshapita, na programu ingetaka kuambiwa kwa nini mgonjwa hakufika. Lakini programu haikuuliza. Ilikuwa inamngoja. Taratibu akaelewa palepale kilichotokea, maana alikuwa mvivu wa vidole, si wa akili. Akanyoosha mkono kwenye kipanya, kisha akaurudisha mapajani.

Tangu hapo, kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, alifungua Novemba. Hakufurahi, hakuhuzunika. Alitazama tu, kama mtu anayepapasa mfukoni kuhakikisha funguo zipo. Kulikuwa na mahali pamoja duniani ambapo mke wake alikuwa bado anatarajiwa kuja, na mahali penyewe palikuwa mstari mmoja kwenye skrini.

Kama faili lingekuwa la mtu mmoja, nani angemlaumu? Lakini mstari mmoja ukipotea njia hivyo, umefuatana na wenzake. Hilo alilijua. Alijiambia atalishughulikia wiki ijayo, na wiki ijayo akajiambia hivyo hivyo. Mtu anayejidanganya ana hasara moja kubwa: hana wa kumkamata.

Siku moja muuguzi wa zamu, mama mmoja mwenye mwili na maneno, alikuja kuazima stepla.

"Hivi Taratibu, watu siku hizi wanaugua kuanzia tarehe kumi na tatu?"

"Kwa nini, mama?"

"Mwanzo wa mwezi tunakaa tunatazamana na mabenchi. Ikifika katikati wanamwagika kama siafu. Nimemwambia daktari labda mioyo nayo imeanza kwenda likizo."

Taratibu alicheka kwa pua, akampa stepla. Alijua kwa nini: programu haina mwezi wa kumi na tatu. Mlango ulipofungwa, akafungua Novemba.

Jumamosi moja ya mwisho wa Aprili, shemeji yake alifika nyumbani. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu, fundi cherehani, na ugonjwa wa moyo ulikuwa wa familia yao kama vile wengine wanavyorithi pua. Alikuja kupanga nguo za mdogo wake, kazi ambayo Taratibu alikuwa hajaigusa. Hata zile marehemu alizokuwa akizikunja asubuhi ile zilikuwa bado juu ya kiti. Shemeji aliingia amevaa ndala, miguu imejaa kama mikate, akaketi kabla ya kukaribishwa.

"Shemeji, unahema," Taratibu akasema.

"Ngazi zenu hizi. Aliyezijenga alikuwa na kisasi na binadamu."

"Dawa unakunywa?"

"Ziliisha. Nitapewa nikienda kliniki." Akatoa simu kwenye mkoba, akamsogezea. "Kwenye kadi waliniandikia Aprili, tarehe saba. Mara ujumbe ukaja unasema Julai, tarehe nne. Nikajua mmeahirisha. Nikasema, kompyuta ya shemeji yangu haiwezi kukosea. Si wewe ndiye unayeiandikia?"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Basi. Mdogo wangu alikuwa akisema, huyu mwanamume utamtuma chumvi arudi na sabuni, lakini kwenye makaratasi yake hakosei."

Aliisema akicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha. Taratibu alimtazama yule mwanamke akishika ukingo wa meza kwa vidole vilevile vya mdogo wake, virefu, vyenye kucha fupi. Alingoja kitu kimchome ndani. Hakikuja. Alisimama hata hivyo, na hili liandikwe upande wake: aliyekufa ganzi bado ana miguu.

"Twende hospitali."

"Julai bado, shemeji."

"Hakuna Julai. Ujumbe ule ni wa uongo, na mwenye kosa ni mimi."

Shemeji akampa mkono amwinue.

Daktari wa dharura alimlaza siku ileile. Alisema maji yameanza kupanda mapafuni, na kwamba mtu wa hali ile hakai hata wiki bila dawa zake, nani aliyemwambia asubiri? Taratibu alisimama kando ya kitanda akajibu kwamba ni yeye. Daktari akadhani ni mzaha wa ndugu waliochanganyikiwa, akaendelea kuandika.

Njia ya mkato ilikuwepo. Jumatatu asubuhi angeweza kuirekebisha tarehe ya shemeji peke yake, kimya kimya, na Novemba ikabaki kama ilivyo. Aliifikiria njia hiyo asubuhi hiyo akiwa kwenye korido, na aliifikiria vizuri. Kisha akageuka mlangoni pa chumba chake bila kuingia, akaenda kwa mkuu wa kitengo.

Mkuu wa kitengo alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mwanamke wa haki, na watu wa haki huuliza swali moja tu, lile linalouma.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Msiba wako tuliubeba wote," akasema. "Huu utaubeba mwenyewe."

Alimwandikia barua ya onyo. Taratibu akaikunja akaitia mfukoni, akarudi chumbani kwake, akafuta faili zima na kuliingiza upya. Kidirisha kilipofunguka kuuliza tarehe zimepangwaje, alichagua siku, mwezi, mwaka, akasoma tena alichochagua, ndipo akaendelea. Hakukuwa na mstari hata mmoja mwekundu.

Siku nzima walipiga simu, yeye, muuguzi na mtu wa mapokezi, wakiwaita wagonjwa ambao siku zao zilikuwa zimeshapita. Wengi walisema watakuja kesho. Wengine walilalamika, na walikuwa na haki. Simu moja ilipokewa na mwanamume aliyeuliza wanamtafuta mama yake wa nini sasa, maana wamemzika wiki iliyopita. Muuguzi aliweka simu chini polepole. Hakuna aliyeweza kusema ni tarehe iliyomuua au ni moyo wake. Wala hakuna aliyeweza kusema si tarehe. Msiba ni mzigo, lakini haujawahi kuwa ruhusa, na Taratibu hakujaribu kuutumia hivyo. Aliandika jina la yule mama kwenye taarifa yake kwa mkuu wa kitengo, la kwanza kabisa juu.

Jioni, ofisi ikiwa inafungwa, ikabaki kazi moja. Programu ilikuwa imewakusanya wote ambao hawakufika, na kwa kila mmoja ilitaka sababu. Taratibu alishuka mstari kwa mstari mpaka akafika Machi, tarehe kumi na moja. Jina la mke wake lilikuwa pale, mahali pake. Pembeni kulikuwa na sababu za kuchagua: amehama, amekataa huduma, hapatikani, amefariki.

Akakaa akizisoma. "Hapatikani" nayo haikuwa uongo mtupu, na mkono wake ulisimama hapo kidogo. Kisha akachagua ya mwisho. Programu ikamuuliza kama ana uhakika. Akajibu ndiyo.

Mstari ukaondoka. Hakusikia chochote, isipokuwa mashine za kufulia zikizunguka ng'ambo ya dirisha. Alikwenda wodini, akamkuta shemeji ameketi kitandani, pumzi zimeanza kutulia, akimsuta muuguzi wa wodi kwamba pindo za mashuka zimeshonwa na mtu aliyefumba macho. Taratibu akavuta kiti. Shemeji akamwuliza kama amekula. Akasema hakukumbuka.

Kesho yake asubuhi aliingia chumbani kwake, akavua koti kwanza, akalitundika, ndipo akawasha kompyuta.