Jina la Ishirini na Nane

Mwalimu Eustadia alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyapima kabla ya kuyatoa. Ndiyo maana ilikuwa ajabu kwamba neno moja tu, alilolitamka bila kufikiri mbele ya darasa la tatu, lilimkosesha amani kwa zaidi ya mwaka mzima.

Alifundisha shule ya misheni pale Tabora mjini, katika jengo la tangu enzi za Wajerumani, lenye madirisha marefu ya vioo. Mumewe, Raymundi, alikuwa askari. Alipanda treni mwaka wa arobaini na tatu kwenda vitani, na barua yake ya mwisho, iliyoandikwa Burma, ilifika Septemba ya mwaka uliofuata. Baada ya hapo, kimya. Meza ya Eustadia ilikuwa kando ya dirisha linalotazama barabara ya posta, na kila tarishi alipopita na baiskeli yake, chaki ilisimama ubaoni mpaka apotee.

Mbayuwayu waliingia mjini na mvua za kwanza, wakajipanga kwenye waya wa simu mbele ya shule. Watoto nao wakatoa manati. Eustadia aliambiwa na padri mmoja kwamba ndege hao hutoka Ulaya, wakavuka jangwa na misitu kuja kukaa nasi mpaka masika, halafu wakarudi kwao. Akaibandika ramani ukutani, akaipita njia yao yote kwa fimbo, akahubiri huruma wiki nzima. Lakini mtoto mwenye manati mfukoni ukimhubiria huruma ataitikia amina, kisha atatoka nje kutafuta jiwe la mviringo.

Basi akabuni hila. Tabora ni mji uliojengwa na mabega ya wapagazi, na ni nadra kupata ukoo wa Kinyamwezi usio na mtu aliyekwenda pwani na mzigo wa pembe asirudi. Akawaambia watoto, "Nendeni nyumbani mkaulize jina la mtu wenu aliyefia njiani, asiye na kaburi. Kesho kila mmoja atampa ndege wake jina hilo. Atakayerusha jiwe, ajue anampiga babu wa mwenzake."

Manati ziliisha siku hiyo hiyo. Watoto ishirini na saba walileta majina ishirini na saba: Luhende, Mihambo, Kasanda, Magembe na wenzao, na Eustadia akayaandika nyuma ya daftari la mahudhurio. Kila asubuhi, akimaliza kuwaita watoto, aliwaita ndege. Mtoto mwenye ndege aliangalia wayani, akaitika, "Yupo." Kisha, kwa kuwa baadhi ya ndege walijigonga kwenye vioo wakidhani ni anga, aliomba chokaa kwa Nabhan, mwenye duka sokoni, na darasa zima likapaka madirisha michirizi myeupe. Kioo kimoja tu hakikupakwa. Kilikuwa kile cha kando ya meza yake, maana angemwonaje tarishi?

Mambo yalikuwa mazuri kupita kiasi, na hapo ndipo angepaswa kushtuka. Ndege wale walikuwa ishirini na saba kila asubuhi, hawazidi, hawapungui. Mbayuwayu ni kiumbe wa kelele, lakini daftari lilipofunguliwa walinyamaza wote na kugeuza vifua kuelekea darasani. Lilipotajwa jina la Luhende, mmoja alikung'uta mabawa. Lilipotajwa la Mihambo, wa pili yake naye akakung'uta, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa waya. Watoto walicheka, wakaona wamefuga ndege wenye adabu. Eustadia alihisi vinyweleo vikisimama mikononi, akajiambia ni baridi ya asubuhi.

Kwa Wanyamwezi jina halichezewi. Mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee hutafuta ni marehemu gani anayetaka kuitwa, na mtoto akipewa jina hilo hutulia. Jina ni wito. Eustadia aliyajua haya tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, ila chuo cha ualimu kilimfundisha kuyaita ushirikina, naye alikuwa mwanafunzi mzuri.

Siku moja mwezi wa Desemba, msichana mmoja, Getruda, aliinua mkono. "Mwalimu, na wako anaitwa nani?"

Eustadia hakuwa na wake. Ukoo wao ulikuwa wa wahunzi, haukubeba mizigo ya mtu. Lakini alikuwa ametoka kumwona tarishi akipita bila kusimama, na moyo ulikuwa umemjaa. "Raymundi," akasema.

Mdomo uliponza kichwa. Kesho yake wayani walikuwa ishirini na wanane. Huyo wa mwisho alikuwa amekatika unyoya mrefu mmoja wa mkia, na alikaa mbali kidogo na wenzake, kama mgeni ambaye bado hajakaribishwa. Watoto wakashangilia kwamba mwalimu amepata wake. Jina likaandikwa chini ya yale mengine.

Machi ikafika. Ndege walianza kuruka ruka na kutua, kuruka na kutua, kama watu wanaokaza kamba za mizigo. Asubuhi waliyoondoka, Eustadia alikuwa mezani. Alisikia pu! kwenye kile kioo kisichopakwa. Alipotoka nje alimkuta chini mbayuwayu mwenye mkia pungufu, bawa limevunjika. Waya ulikuwa mtupu.

Walimweka ndani ya kapu lenye mfuniko na kumlisha nzi na mchwa. Na kwa sababu watoto ni watu wa desturi, walidai aitwe. Basi Eustadia akasoma jina hilo moja kila asubuhi, na darasa zima likaitika, "Yupo."

Habari zilimfikia mama mkwe wake, Bibi Bernadeta, huko Ntalikwa. Alitembea mpaka mjini, akaingia uani vumbi likiwa magotini.

"Shikamoo, mama," alisema Eustadia.

"Marahaba. Nimeambiwa unamwita mwanangu shuleni. Unamwita na akina nani?"

Eustadia akamweleza yote. Alidhani atapigiwa kelele, na afadhali angepigiwa. Bernadeta alikisogeza kando kikombe cha chai.

"Watu wanakwenda makundi," akasema. "Hawa waliofia njiani nao wana kundi lao, na kundi lina kiongozi wa kuwahesabu asubuhi. Wewe umejifanya kiongozi wao, kisha umemtia humo mtu aliye hai. Mfute, mwanangu."

"Nikimfuta, mama, si nitakuwa nimesema mimi mwenyewe kwamba hayupo?"

Bibi Bernadeta alijifunga upya kanga yake. Aliaga, akarudi kwake.

Hapo Eustadia akajua maana ya kukosa pa kushika. Akimwita, anamwita pamoja na wafu. Asipomwita, yeye mkewe, aliyeapa mbele ya altare, ndiye atakayekuwa wa kwanza kumwondoa duniani. Siku kumi aliendelea kuita, na siku hizo zote ndege hakuwa akipona wala kufa. Alikula, akatazama. Watoto walianza kuogopa kulisogelea kapu.

Siku ya kumi na moja aliwaita watoto wote ishirini na saba. Akafika chini ya ukurasa wa nyuma. Akafunga daftari.

Watoto walingoja. Kisha Getruda akanyanyuka, akaenda kwenye kapu. Mfuniko ulikuwa umefungwa kwa kamba, kama walivyoufunga jana. Ndani hamkuwa na ndege. Hapakuwa na hata unyoya.

Jioni hiyo alichukua chokaa iliyobaki akakipaka kioo chake, chote, mpaka barabara isionekane. Alilia akipaka. Aliamini amemuua mumewe kwa mkono wake mwenyewe, na hakuwa na mtu wa kumwungamia, maana padri angecheka na mama mkwe asingecheka.

Raymundi alishuka kwenye treni Februari ya mwaka wa arobaini na sita, akichechemea. Bibi Bernadeta alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Eustadia alishindwa hata kulia. Ilipita wiki nzima kabla mumewe hajazungumza kwa kirefu. Ilikuwa mchana, wameketi barazani, yeye akichambua mchele.

"Nilipoumia nililazwa chumba kimoja na watu wa ajabu," Raymundi alisema. "Wanyamwezi wenzangu, lakini hawana viatu, na kila mmoja amelala na mzigo wake. Pamoja nami tulikuwa ishirini na wanane. Luhende, Mihambo, Kasanda, Magembe..."

Akaendelea. Aliyataja yote, kwa mpangilio wa daftari, bila kuruka hata moja. Mikono ya Eustadia ikasimama kwenye ungo.

"Kila alfajiri mwanamke alituita, na watoto wakatuitikia. Mimi wa mwisho daima. Halafu wenzangu wakafunga mizigo, wakaniambia, twende nyumbani, njia tunaijua. Mguu ukanikatalia. Yule mwanamke akaendelea kuniita peke yangu, nami nikawa najikaza, nasema kesho nitasimama niwafuate. Sikuwa na maumivu, Eustadia. Sijawahi kupumzika vile. Asubuhi niliyokuwa tayari, hakuniita. Maumivu yakanirudia yote kwa pamoja, nikapiga ukelele, na daktari akasema, huyu amerudi."

Akausugua mguu wake mbovu.

"Kila usiku unapouma, namchukia mwanamke yule. Sijui nilimkosea nini."

Eustadia aliweka ungo chini.

"Nilikuwa mimi," akasema. "Na jina lako ningeliruka tena."