Paleti ya Agnetha

Herman alikuwa mtu wa taa katika ukumbi wa muziki wa Nitin, mfanyabiashara wa Kihindi mjini Kahama. Mwaka 1997 Nitin alileta kutoka Nairobi taa nne zinazogeuka zenyewe, pamoja na meza ya kuziongozea, na Herman akaachana na ufundi redio.

Siri ya meza ile ilikuwa paleti, yaani kumbukumbu ya mwanga. Kila mahali pa kumulika, Herman alipahifadhi mara moja tu pamoja na rangi yake, akapapa jina: ngoma, gitaa, Agnetha. Mpangilio wa taa wa kila wimbo uliita majina hayo tu. Jukwaa likisogezwa, alirekebisha paleti, nyimbo zote zikafuata.

Agnetha ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya ukumbi. Shavu lake la kushoto liliungua kwa petroli ya pampu, kwenye shimo la dhahabu kule Mwakitolyo. Herman alimtengenezea paleti kwa upole: mwanga wa manjano kutoka kulia, kovu likabaki gizani.

Kisha akamposa mbele ya bendi nzima, akidhani ataona haya kukataa.

"Kaka Herman, nakuheshimu," Agnetha alisema, "lakini hapana."

Makoye, mpiga besi, akacheka.

"Kwa uso huo unamngoja nani?" Herman akauliza.

Agnetha akageuka, akaenda zake.

Jumapili alasiri, kabla milango haijafunguliwa, Herman aliifungua paleti ile. Akazielekeza taa zote kwenye shavu la kushoto, akaweka weupe mtupu, akahifadhi. Hakugusa wimbo hata mmoja.

Wimbo wa kwanza Agnetha alijikinga kwa mkono. Wa pili, mwanga uleule. Wachimbaji wa dhahabu waliojaa ukumbini wakapiga miluzi.

"Mfunikeni kanga huyo!" mmoja akapaza sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Aliimba mpaka mwisho, machozi yakimtoka.

Herman alipoona machozi yale, alitaka kuirudisha paleti. Nitin akamzuia.

"Iache hivyohivyo. Wamefurahi, watakuja wengi."

"Bosi, yule anaumia."

"Ukiigusa, kazi huna."

Herman hakuigusa. Watu walikuja kweli, wengine kutoka Tinde, kuutazama uso. Agnetha, aliyekuwa na mama mgonjwa wa kulisha, hakuweza kuacha kazi; alimwendea Herman mezani mara moja tu.

"Kaka, nirudishie kama zamani."

"Bosi amekataa," Herman alisema, akitazama vitufe.

"Na wewe je?"

Herman akabonyeza kitufe; weupe uleule ukawaka. Agnetha akapanda jukwaani.